Gari Halivuti

Turbo ya lori, ile inayoipulizia injini hewa ipate nguvu, ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa cheupe katikati ya meza ya chuma, na fundi alikuwa ameiinamia mbele ya binti yake kama daktari asiyetaka kuwaambia ndugu wa mgonjwa alichokiona. Kitambaa kile kilikuwa nepi. Binti aliitambua kwa pindo lake la buluu. Yeye mwenyewe alikuwa ameianika uani asubuhi. Fundi mzima, mwenye gunia la matambara pembeni, alikuwa amekwenda kumwomba mkewe nepi safi ya mjukuu ili kipande kile cha chuma kilale mahali pasipo na chembe ya mchanga.

"Njoo uguse," baba alisema bila kuinua kichwa.

Alisogea. Ndani ya kile chuma kilichojizungusha kama gamba la konokono kulikuwa na gurudumu dogo lenye mapezi membamba kama petali za ua lililokaushwa. Alilisukuma kwa ncha ya kidole nalo likazunguka, likaendelea kuzunguka hata baada ya kidole kuondoka.

"Shafti inacheza?"

"Haichezi."

"Mapezi yamekwaruza ukuta?"

"Hapana, baba."

"Basi hata mimi sioni." Aliifunika turbo kwa ncha ya nepi, kisha akaitazama mikono yake, kwanza viganja, halafu upande wa nyuma, kama mtu aliyeazimwa kitu na sasa anakikagua kabla ya kukirudisha kwa mwenyewe. "Turbo nzima. Nozeli nzima. Mabomba mazima. Na gari halivuti."

Maneno yale mawili ya mwisho yalikuwa ya binti. Baba aliyarudia tu, kwa imani ileile aliyoyapokea nayo, na binti akahisi uso ukimwaka mpaka kwenye ndewe za masikio. Alijua ugonjwa ulipo. Haukuwa kwenye turbo wala kwenye nozeli. Ulikuwa kwenye mguu wake wa kulia, ndani ya kiatu cha raba kilichokuwa pale pale karibu na mguu wa meza, na baba angeweza kuugusa kwa spana bila hata kunyoosha mkono.

Lori lile baba alikuwa amelipata likiwa mfupa: fremu, kibanda kisicho na vioo, na injini iliyojaa maji ya mvua. Aliijenga upya injini hiyo kwa subira ya mtu anayefumua koti kuukuu ili alishone liwe suti. Ilipowaka mara ya kwanza, mama alitoka jikoni mbio akaanua nguo, akidhani ni ngurumo. Binti ndiye aliyeushika usukani tangu siku hiyo. Alichukua unga kwenye vinu vya mji wa bondeni akaupeleka mji wa juu, walikoishi, na madereva wenzake waliokuwa wamejiandaa kumcheka walikosa pa kuanzia. Mlima uliokuwa kati ya miji ile miwili aliupanda kama ngazi ya nyumbani kwao.

Kisha akajifungua. Watu walimuuliza sasa itakuwaje, na aliwajibu wote, kuanzia mumewe aliyekuwa mpishi kwenye kambi ya machimbo hadi mwenye vinu, kwamba kuzaa si kukatwa miguu. Alikaa nyumbani mpaka mtoto, ambaye walimwita Bosi kwa jinsi alivyowaamsha wote kwa amri, alipoanza kula uji. Ndipo akarudi barabarani.

Safari ya kwanza, kwenye kona ya juu kabisa, pale ambapo upande mmoja kuna ukuta wa mwamba na upande wa pili hakuna kitu ila hewa, lori lililokuwa mbele yake lilirudi nyuma. Halikurudi sana. Dereva wake alikosea gia, likateleza, breki zikashika, likaendelea na safari. Hakuna kilichoguswa. Lakini katika muda ule mfupi maziwa yalimtoka. Yalimtoka bila kuitwa, yakalowesha blauzi mpaka kiunoni, kana kwamba mtoto alikuwa amelia mahali fulani ndani ya mwili wake. Na mguu wa kulia ukanyanyuka kutoka kwenye pedali ya mafuta. Turbo ikanyamaza. Lori likalegea. Alishusha gia, akashusha tena, akakipanda kipande kilichobaki kwa mwendo wa mtu aliyebeba trei la mayai kichwani.

Nyuma yake foleni iliota mkia, na mkia ukaota honi. Alipofika juu, kwenye kibanda cha chai ambapo madereva hupoza injini, dereva mmoja wa lori la matangi, mtu mwenye tumbo na ulimi visivyojua kupumzika, alimpokea amenyanyua kikombe.

"Haya jamani, bibi harusi ameingia. Msafara wote ule nyuma yako, dada, na sisi wenzio hatukupata hata kadi?"

Walicheka. Yeye pia alicheka, mikono ameikunja kifuani kuificha blauzi. Angeweza kusema lolote. Alisema, "Gari halivuti."

"Lo, pole," yule wa matangi alisema, na kicheko kikakatika hapo hapo, maana ugonjwa wa gari hauna mzaha. "Mwambie mzee akuangalizie."

Hivyo ndivyo neno lilivyopata miguu. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa ndefu, tena ya mlima, na kila safari ilimfikisha kwenye kona ileile, mguu ukafanya lilelile.

Baba hakumhoji. Hilo lilimuuma kuliko honi zote. Angemuuliza hata swali moja la mtego, pengine angeona mlango wa kutokea. Lakini mzee aliyapokea maneno yale kama mgonjwa anavyopokea majibu ya maabara. Alibadilisha filta. Alifungua nozeli zinazonyunyizia dizeli. Alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba ya hewa, akajikunyata chini ya lori akisubiri bubujiko dogo limwonyeshe panapovuja. Kila jioni alikuwa ameshafika langoni kabla injini haijazimwa.

"Leo?"

"Bado, baba."

Bado. Neno dogo, hata mtoto huliweza mapema. Kila alipolitamka aliona mabega ya mzee yakishuka kidogo, kama gunia linalovuja taratibu pembeni.

Siku moja mzee aliomba wapande pamoja. Alikaa kiti cha abiria, akavua kiatu, akakanyaga sakafu kwa unyayo mtupu. Ndivyo alivyosikiliza injini siku zote, akisema masikio hudanganywa na upepo. Walikuwa na mzigo kamili. Na binti, baba akiwa ubavuni, alikanyaga mafuta kama zamani. Hakujilazimisha. Woga haukuja tu, kama mbwa anayewabwekea wapita njia lakini hunyamaza mwenye nyumba akitokea. Turbo ilipiga filimbi yake mpaka kileleni.

"Limevuta," baba alisema, unyayo ungali sakafuni.

"Leo limevuta."

"Basi huu ugonjwa una adabu. Mbele ya wakubwa unakaa kitako." Alicheka peke yake, kicheko kifupi, kisha akageukia dirisha na kuitazama njia mpaka wakafika nyumbani. Tatizo lisilotengenezeka humkosesha fundi usingizi. Tatizo linalomkimbia humfanya ajishuku mwenyewe, na hilo ni baya zaidi.

Haukupita muda binti alimkuta langoni na mwenye basi la shule, jirani aliyekuwa akileta basi lake pale tangu likiwa jipya.

"Lipeleke kwa kijana wa pale kituo cha mafuta," baba alikuwa akisema. "Ana vifaa vya kisasa."

"Mzee, mimi nimezoea mikono yako."

"Hata mimi niliizoea. Lakini kama langu mwenyewe limenishinda, la watu nitaliharibu bure."

Binti aliwapita bila salamu, kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu alipojua kusema. Ndani, mama alikuwa anamlisha Bosi uji, na uji mwingi ulikuwa umeishia kwenye kidevu.

"Baba yako anafungua injini hata usingizini," mama alisema. "Jana kanishika mkono gizani, ananiambia nimpe spana. Nikamwambia bwana wee, mimi nilikuja hapa kuolewa, sikuja kuajiriwa." Alimpangusa mtoto mdomo, na mzaha ukamtoka usoni pamoja na ule uji. "Anasema alipoijenga ile injini kuna kosa alifanya. Kosa la kijinga. Na sasa uzee haumruhusu hata kuliona. Huyu mtu hajawahi kuniambia ni mzee, mwanangu. Hata siku moja."

Binti alimchukua mtoto, akampa ziwa, akauficha uso kwenye nywele za mtoto laini zilizonuka uji. Aibu ya maiti, walisema wahenga, aijuaye mwosha. Ya dereva haina mwosha. Huilaza na kuiamsha mwenyewe. Angekuwa amepata ajali angekuwa na cha kusimulia. Mtu akikuonyesha kovu unamsogezea kiti. Lakini yeye angeonyesha nini? Kwamba lori la mtu mwingine lilirudi nyuma kidogo na maziwa yakamtoka? Hakuwa anaona aibu kwa kuogopa. Alikuwa anaona aibu kwa kuogopa bure, baada ya kutamba kwa watu wote kwamba miguu anayo.

Jioni ambazo hakuwa safarini alikwenda darasa la watu wazima, kwenye shule ambayo mchana ilikuwa ya watoto wadogo, hivyo wanafunzi walikaa magoti yamegusa videvu. Alikuwa amerudia masomo aliyoyaacha, na Kiswahili ndilo alilolipenda kuliko yote; alisema hujui nyumba yako ina vyumba vingapi mpaka mtu akuwashie taa. Jioni ile mwalimu aliandika ubaoni: Kikombe kimevunjika.

"Nani kakivunja?" akauliza.

Wanafunzi wakausoma ubao upya.

"Sentensi haisemi. Hii ndiyo kauli ya kutendeka. Jambo limetendeka, mtenda hayumo."

"Mwalimu, mume wangu ameisoma hiyo," alisema mwanamke mmoja mwuza mitumba kutoka dawati la nyuma. "Kila siku ni njia imefungika, simu imezimika."

Darasa zima lilicheka, na yeye alicheka nao, kalamu mkononi, mpaka mkono ulipoanza kuandika mifano kama walivyoagizwa. Mlango umefunguka. Kamba imekatika. Mguu umenyanyuka. Aliutazama mstari ule wa tatu kwa muda, akaukata. Aliukata sana, hadi karatasi ikatoboka.

Wazo la turbo mpya lilikuwa la baba. Ile ya zamani aliirudisha mahali pake, akaosha nepi mwenyewe, kisha akasema wataitafuta nyingine, si ya kufanana na ile ya kiwandani, bali moja ya zile zinazotengenezwa kuongeza nguvu. "Kama siwezi kuliondoa kosa langu," alisema, "nitalipulizia pumzi mpaka lizidiwe."

Duka lilikuwa mji wa bondeni, karibu na vinu. Walipakia unga kwanza, wakaliegesha lori mbele ya duka likiwa limejaa. Mwenye duka aliitwa Bwana Pumzi kwa sababu ya biashara yake. Mwenyewe alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya kukwama, na madereva walisema ameuza pumzi zote mpaka zake. Alitoka nje kwanza, akafungua bomba la hewa, akaingiza vidole akapapasa lile gurudumu la mapezi, akainama akatazama upande wa chini wa injini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nani aliijenga hii?"

"Mimi," baba alisema.

"Haina hata tone la oili nje."

"Nje," baba alisema.

Walirudi ndani. Bwana Pumzi aliweka turbo mbili juu ya kaunta, moja ndogo, nyingine ya kujaza mikono miwili.

"Hii ndogo," alisema, "ni kama mama mwenye mtoto mchanga. Gusa mlango tu, yuko macho. Hata mizunguko ya injini ikiwa chini inakupa hewa. Ila ukiikimbiza sana huko juu inabanwa, inachemka. Hii kubwa ni kama kijana wangu wa pili. Unamwita, anaitika nakuja, unasubiri. Lakini akishaamka, anakubebea nyumba." Alipumzika kidogo kuivuta pumzi. "Kwa hiyo si mimi ninayechagua, wala si wewe mzee. Mguu ndio unaochagua. Dada, pale kona ya juu, na mzigo kama huu, unashika gia gani? Na mshale wa mizunguko unakaa wapi?"

Lilikuwa swali la kazi tu. Bwana Pumzi alikuwa tayari ameshika kalamu sikioni, akisubiri. Baba alikuwa amegeuza shingo kidogo, sikio moja mbele.

"Gia kubwa," binti alisema. "Mshale uko juu. Karibu na mwekundu."

"Na bado halivuti?"

"Halivuti."

"Basi ni kubwa." Bwana Pumzi aliisogeza mbele ile kubwa. "Lakini nawaonya, maana sitaki kulaumiwa. Hii inataka dizeli zaidi, na dizeli zaidi ni moto zaidi, na moto haujui hii injini ni ya nani. Halafu inataka mguu usio na huruma. Siku dereva akipanda kwa kubembeleza, mshale uko chini, hii italala usingizi wa pono, na lori na unga wote ule litarudi nyuma kama punda aliyekataa."

Litarudi nyuma. Binti alishika ukingo wa kaunta.

"Tunachukua kubwa," baba alisema. "Ila vijana wako ndio waifunge. Mimi nitakaa pale kwenye benchi." Alijaribu kutabasamu. "Injini hii mikono yangu imeshaikosea mara moja. Isiiguse tena."

Aliitia mikono mifukoni. Jambo dogo. Lakini katika maisha yake yote binti hakuwahi kuiona mikono ile mifukoni mbele ya injini; ilikuwa daima nje, imepaka mafuta, ikielekea kitu. Sasa haikuonekana, na mzee alionekana mfupi bila hiyo.

"Mguu unanyanyuka," alisema.

Wanaume wawili walimgeukia. "Nini?" baba aliuliza.

"Pale kwenye kona. Mguu unanyanyuka."

Aliisikia sentensi yake ikijibanza nyuma ya mguu kama mtoto nyuma ya gauni la mama yake.

"Ninaunyanyua," alisema. "Ninaunyanyua mimi. Gari linavuta, baba. Linavuta siku zote. Mimi ndiye ninayeogopa."

Bwana Pumzi alikohoa, akakumbuka kitu alichokisahau stoo, akaenda kukitafuta.

"Tangu lini?"

"Tangu niliporudi kazini."

"Na zile nozeli?"

"Zilikuwa nzima."

"Nilizifungua zote, nikazirudia tena."

"Najua."

"Mwenye basi la shule nimemfukuza."

"Najua, baba. Nilikusikia."

Alingoja hasira. Aliitamani hata, maana hasira ina mahali pa kushikia. Mtu akikufokea unainamisha kichwa, na kichwa kikishainama kina kazi. Badala yake baba alitoa mikono mifukoni. Aliifumba, akaifumbua. Na usoni mwake kilipita kitu ambacho binti hakukitegemea, nacho kikawa kigumu kukitazama kuliko chochote: furaha. Furaha tupu ya mtu aliyeambiwa kwamba uvimbe si ule alioudhania. Ilidumu kidogo tu. Kisha mzee akamwona aliyesimama mbele yake, akakumbuka furaha ile imenunuliwa kwa nini, na yeye pia akaona haya. Walisimama hivyo mbele ya kaunta, kila mmoja akitazama turbo yake.

"Kumbe," baba alisema.

Bwana Pumzi alirudi mikono mitupu. Alikuwa amesikia kila neno. Ukuta wa stoo ulikuwa wa mbao. "Basi ni hii ndogo, mzee," alisema kwa upole. "Hata akipanda taratibu itamwamkia. Wala si jambo la kuonea haya, dada. Nusu ya wanaokuja hapa kuniomba kubwa, wangenunua hii kama wake zao wangekuwa ndio wanaojibu."

Baba aliichukua ile ndogo. Aliizungusha kwa kidole, akaisogeza sikioni, akaisikiliza kama saa.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini nikiifunga leo nitakuwa nimeukaza woga wake kwa bolti. Na ile nyingine nitakuwa nimeukaza uongo." Akaiweka chini. "Ikae kwanza. Siku dereva atakapojua anataka kupanda vipi, ataniambia ni ipi. Nitaifunga."

Alifika mlangoni, akageuka kwa Bwana Pumzi kana kwamba kuna jambo la bei lilikuwa limesahaulika. "Nitaifunga mimi," alisema.

Binti aliwasha lori, wakaondoka. Alitamani baba aseme neno, kisha akaogopa asije akalisema. Kila kibao cha barabarani alikisoma kwa makini, kama mgeni. Alifikiri juu ya mama na usiku aliokatizwa, juu ya sabuni iliyopakwa kwenye mabomba yasiyovuja, juu ya mtu mzima aliyefua nepi kwa ajili ya chuma kisicho na kosa; na kila alichokifikiri kilikuwa na mikono ya baba ndani yake, ikitafuta. Tayari alikuwa amesema ukweli. Alidhani ukweli ukishasemwa mtu hushusha pumzi. Hakuna aliyemwambia kwamba baada yake unabaki kuketi kando ya uliyemwambia, njia nzima, na kuna mlima mbele.

Chini ya mlima baba alisema, "Nishushe hapa."

"Hapa? Kufanya nini?"

"Unaogopa ukiwa peke yako, sivyo?"

"Ndiyo."

"Basi nikikaa humu sitasikia kitu." Alikuwa tayari amefungua mlango. "Kutoka hapa chini mlima wote unasikika. Nataka kusikia ni wapi unapounyanyua."

"Baba, sitaweza."

"Sijasema usiunyanyue. Nimesema nataka kusikia." Alishuka, akashika mlango kwa mkono mmoja, akaupigapiga ubao wa mlango kama mtu anavyompigapiga mtoto mgongoni. "Mimi nitapanda na lori lingine. Nisubiri kwenye chai."

Kwenye kioo alimwona akivuka mtaro, akasimama kando ya barabara, kichwa kimeinama upande mmoja. Kisha barabara ikapinda na kioo kikajaa majani.

Alipanda. Sasa kila alichokifanya kilikuwa na msikilizaji. Kila gia aliyobadilisha ilikuwa neno analolitamka mbele ya mtu anayeijua lugha ile kuliko yeye, na hapakuwa na sentensi ya kujifichia. Alihisi kama amevuliwa nguo mchana. Hata hivyo hakusimamisha lori. Mwamba ulijitokeza upande mmoja. Upande wa pili miti ilipungua, ikaisha, ikabaki hewa. Alimwona Bosi, mdomo wazi, uji kidevuni.

Aliunyanyua.

Filimbi ya turbo ilikatika, na kimya kilichofuata kilishuka mlima wote, kona baada ya kona, mpaka kwa mtu aliyesimama kando ya barabara. Alijua kimefika. Uso ulimwaka, peke yake mle kibandani mwa lori, kwa mtu asiyemwona. Lori lilianza kuwa zito. Nyuma yake honi moja ililia, halafu ikanyamaza.

Akaurudisha mguu, taratibu, kama anavyomlaza mtoto kitandani akiomba asiamke. Turbo ilianza tena, nyembamba, ya kukatikakatika, na mbele yake kona ilikuwa bado haijaisha.